Nguo za chakula cha jioni melini: nini ununue Nairobi na nini ukiache dukani

Safari yetu ya kwanza ya meli ya kitalii ilikuwa ya usiku nne, kutoka Durban. Tulikuwa watu watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Tuliondoka South C, Nairobi, alfajiri tukiwa na mabegi saba. Tulipofika kwenye vyumba vyetu melini, mabegi yalijaza sakafu hadi mlango ukawa haufunguki vizuri, na kijana wangu ikambidi akanyage begi ili afikie kitanda chake. Jioni moja nikakaa nikahesabu. Vitu vilivyojaza mabegi matatu kati ya yale saba vilikuwa vya usiku mmoja tu, ule wa gala, yaani wa mavazi rasmi: suti ya mume wangu na viatu vyake vyeusi, gauni langu la mtindo wa nguva lenye bitana nzito, viatu vya mchuchumio, gauni la mama na kilemba chake, suti ndogo ya kijana, na gauni la binti lililotuna kwa neti. Vyote vilivaliwa kwa saa mbili, vikarudi begini.

Tangu hapo nimepanga safari nyingine mbili za familia na nimewasaidia dada zangu kupanga zao. Nimeshika jambo moja: ununuzi wa safari hii unaanzia kwenye meza ya chakula cha jioni. Watu wengi huanza kwa kununua begi kubwa, kisha begi lenyewe linawaita walijaze. Nunua nguo ya jioni kwanza, uchague inayokunjika, inayovaliwa zaidi ya mara moja na isiyohitaji pasi. Begi litajulikana baadaye.

Kwanza, meli inataka nini

Mchana hakuna anayekuuliza. Kaptula, dera, fulana, ndala, vyote sawa, ila usiingie ukumbi wa chakula na nguo za kuogelea. Jioni ndipo masharti huanza, na mara nyingi huwa ya ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kawaida: suruali safi na shati, gauni la kutokea. Ya pili, ile karatasi ya ratiba huiita "smart casual", ni shati lenye kola, suruali isiyo jinzi iliyochanika, na koti ukipenda. Ya tatu ni "formal", "elegant" au "gala", kutegemea kampuni, na hapo wanaume huvaa suti au koti na tai, wanawake gauni refu au la heshima.

Kinachowaponza watu ni kudhani kwamba kila usiku ni gala. Kampuni ya meli ya Carnival, kwa mfano, huweka usiku mmoja rasmi kwenye safari ya siku 2 hadi 5, na nyusiku mbili kwenye safari ya siku 6 au zaidi. Norwegian haimlazimishi mtu kuvaa rasmi usiku wowote. Cunard ndiyo kali: kuanzia saa kumi na mbili jioni wanataka unadhifu, na usiku wa gala wanataka suti ya rangi iliyokolea au tuksido. Lakini hata Cunard inakubali vazi rasmi la taifa la mtu, jambo ambalo kwa sisi Waafrika Mashariki ni mlango mpana, nami nitalirudia hapa chini. Ukumbi wa kujipakulia huwa wazi usiku huo huo kwa asiyetaka kujipamba, kwa hiyo hakuna mtu atakayelala njaa kwa kukosa tai.

Kabla ya kushika pochi, fungua karatasi za tiketi yako uhesabu nyusiku rasmi ni ngapi. Kwa familia nyingi za Nairobi zinazopandia Durban, jibu huwa moja. Tangu Januari 2023 Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, kwa hiyo wengi huanzia safari fupi za huko. Usiku mmoja. Usinunue kabati zima kwa ajili yake.

Nguo ya baba, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa koti moja la bluu iliyokolea, la mitumba, lisilo na suruali yake. Najua wapo watakaosema suti kamili ndiyo heshima. Lakini koti la bluu juu ya suruali nyeusi, shati jeupe na tai, linapita usiku wa gala katika meli nyingi. Kesho yake toa tai, vaa shati la rangi, nawe uko kwenye ngazi ya pili. Usiku wa tatu livue ulitundike kitini. Suti kamili hailegei hivyo. Suruali yake ukiivaa na fulana unaonekana uliyetoka mazishini.

Lipatikane wapi? Ukiwa na subira na viatu vya matope, nenda soko la Gikomba asubuhi mapema marobota yanapofunguliwa, uulize wanaouza kamera, yaani zile nguo za chaguo la kwanza zilizotolewa kabla watu wengine hawajazipekua. Usipokuwa na subira hiyo, Toi, pale karibu na Ngong Road, bei iko juu kidogo lakini makoti yametundikwa na unaona unachokishika. La mume wangu nililitoa Toi. Kijana aliniambia elfu moja na mia tano, tukaongea, nikalichukua kwa mia nane.

Namna ya kulikagua ni hii. Shika mkono wa koti, ukunje ndani ya ngumi, bana kwa nguvu huku ukihesabu hadi 30, kisha achia. Sufu nyepesi, au sufu iliyochanganywa na polista, itajinyoosha yenyewe mbele ya macho yako. Pamba na kitani zitabaki na mikunjo kama karatasi iliyotupwa. Zirudishe, hata kama ni nzuri namna gani. Halafu geuza ndani utazame bitana kwapani, maana ndipo panapooza kwanza. Nusa. Harufu ya ukungu ikikaa sana haitoki hata kwa dobi. Tazama viwiko kwenye mwanga wa jua: vikimetameta, kitambaa kimechakaa. Mwisho pima mabega. Mikono mirefu fundi ataipunguza kwa siku moja na kiuno ataingiza, lakini mabega yasiyokaa ni kazi kubwa, na mafundi wengi huiharibu.

Koti la namna hii halikai begini hata kidogo. Baba analivaa kwenye ndege, pasipoti na cheti cha homa ya manjano vinakaa mfuko wa ndani. Ikibidi kulikunja, pindua bega moja ndani nje, sukuma bega la pili ndani yake, kunja mara mbili, weka juu kabisa. Melini litundike bafuni wakati mtu anaoga maji ya moto. Bafu zile ni ndogo, mvuke hujaa haraka, na baada ya robo saa mikunjo imetoka.

Nafasi ya pili ni kanzu, na kwa nyumba yangu ilikaribia kuwa ya kwanza. Mume wangu ni mtu wa Pwani, kanzu anayo tangu ujana, lakini hakuwahi kufikiria kwamba inafaa melini. Kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, koti lile lile la bluu juu yake, na kofia ya vito: hilo ni vazi la harusi kutoka Lamu hadi Mombasa, na kwangu mimi ni vazi rasmi la kwetu. Kwenye mizani yangu ya jikoni kanzu haikufika nusu kilo. Suti yake ya zamani na viatu vyake ilikaribia kilo mbili na nusu. Na baadhi ya meli huwa na usiku wa mavazi meupe, ambapo abiria wengine huhangaika kutafuta suruali nyeupe ya kuvaa mara moja. Mwenye kanzu yuko tayari. Eastleigh zipo za kila bei, na maduka ya mjini karibu na Msikiti wa Jamia pia huziuza. Epuka zile nyembamba sana zinazoonyesha nguo za ndani ukisimama kwenye taa, na taa za kumbi zile ni kali. Sharti langu ni moja tu, vaa kanzu kama ni yako, kwa asili, kwa dini au kwa desturi ya nyumba yenu. Kama si yako, endelea chini.

Nafasi ya tatu ni suti ya Kaunda. Kila nikipendekeza hivyo watu hunikumbusha kwamba Spika Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023. Bunge lina kanuni zake na meli ina zake. Uzuri wa Kaunda kwa msafiri ni kwamba haina tai na haihitaji shati la ndani la kola, kwa hiyo umepunguza vitu viwili kwa mpigo. Sehemu yake ya juu huvaliwa peke yake na suruali nyeusi kwenye usiku wa kawaida. Mwambie fundi ashone ya mikono mirefu, rangi moja iliyokolea, mifuko isiyovimba. Ya mikono mifupi yenye rangi ya udongo ni nzuri ya mchana, lakini kwenye usiku wa gala itakupa mashaka mlangoni. Naiweka ya tatu kwa sababu ya gharama na muda: fundi mzuri atakuita kupima mara mbili, na ukimpelekea wiki moja kabla ya safari utaondoka na nguo yenye pini.

Suti mpya ya dukani naiweka ya nne. Si mbaya, na kama baba anaihitaji kazini, nunua uiite ya kazi. Lakini usiinunue kwa ajili ya meli. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu mjini ni polista tupu, na ukumbi ukijaa watu jasho linakaa ndani. Kukodi naweka mwisho. Maduka yanayokodisha suti za harusi huhesabu siku, na wewe utakaa nayo siku nane au kumi pamoja na safari ya kwenda na kurudi. Ongeza amana, ongeza wasiwasi wa mchuzi kumwagika, na mwishowe umelipa zaidi ya koti la Toi na huna koti.

Nguo za mama na za bibi

Hapa nimekosea mara nyingi, na kila kosa limenifundisha.

Nguo ninayoipa nafasi ya kwanza ni gauni jeusi refu la jezi, kitambaa kile kinachovutika, lisilo na bitana, lisilo na zipu ya mgongoni. Linaviringishwa kama gazeti, linakaa kwenye kona ya begi, linatoka bila mkunjo. Lenyewe halisemi kitu. Kinachosema ni unachoongeza: mtandio wa rangi usiku mmoja, mkufu mzito wa shanga usiku mwingine, ukanda usiku wa tatu. Wenzetu mezani hawakutambua kwamba ni gauni lile lile hadi nilipowaambia mwenyewe. Shanga zangu nilizitoa soko la Kariokor, na zilipendwa kuliko dhahabu zilizokuwa mezani pale. Mtandio chukua mkubwa, maana kumbi za chakula melini huwa na baridi ya kiyoyozi hadi mabega yanasimama vipele.

Abaya ya kitambaa laini, nida au krepi, ni ya pili kwa umbali mdogo sana. Ni nyeusi, ni ndefu, haijikunji, ina darizi, na ukiivua ndani una fulana na suruali nyepesi zako. Eastleigh utapewa bei tatu kwa abaya moja katika maduka matatu yanayopakana, kwa hiyo usikubali ya kwanza.

Kitenge nimekiweka cha tatu, na kimeniuma kukiweka hapo. Nakipenda. Hakuna vazi lililonifanya nijisikie mtu wa kwetu mbele ya wageni kama kitenge changu cha buluu na chungwa. Lakini kitenge ni pamba, pamba hujikunja, na mafundi wetu wamezoea kukitia bitana, mfupa kiunoni na tabaka tatu za marinda hadi gauni linasimama lenyewe. Ukitaka kitenge cha safari, fanya hivi. Nunua kipande chako Biashara Street, kisha kiloweke na kukifua kabla ya kukipeleka kwa fundi, maana kipya huja na wanga unaokifanya kigumu na tena hupungua kikifuliwa. Mwambie fundi: hakuna bitana, hakuna mfupa, sketi na blauzi tofauti. Tofauti kwa sababu blauzi utaivaa na suruali nyeusi usiku wa pili, na sketi utaivaa na fulana nyeupe mchana bandarini. Vipande vitakavyobaki asivitupe. Nitaeleza kwa nini.

Gauni la sherehe lenye ming'aro, lile la kukodi au la kununua kwa harusi, liache Nairobi. Ming'aro hukwaruza nguo nyingine begini, hudondoka, na ukikaa nayo saa mbili kitini unaamka na alama mapajani.

Mama yangu, kwa umri wake, hataki kujaribu nguo mpya, na sidhani anapaswa. Tulimpangia gauni lake moja la heshima, kilemba, na doti mbili za leso. Nasisitiza leso kwa kila mtu anayesafiri na mzazi. Ubavu mmoja wa leso ni taulo ya ufukweni, ni shuka la kujifunikia kwenye ndege, ni mtandio wa ukumbini, ni vazi la kuswalia, ni pazia la mtoto anayelala mchana. Doti moja aliyochagua mwenyewe ilikuwa na jina "Wema hauozi", na mhudumu wa meza yetu, kijana kutoka Zanzibar, alipolisoma alianza kumwita "mama" mbele ya ukumbi mzima hadi safari ikaisha.

Watoto

Usinunue suti ya mtoto. Mtoto wa miaka minane ataivaa mara moja, na kufikia Krismasi inayofuata mikono imekuwa mifupi. Fungua kabati lao la shule. Kila mtoto wa Nairobi ana viatu vyeusi vya ngozi vya shule. Vipige rangi vizuri, na hivyo ndivyo viatu rasmi. Suruali ya kijivu au nyeusi ya shule, ikiwa haina nembo, ni suruali rasmi. Ongeza shati jeupe na tai ya kipepeo ya lastiki, nayo tai ya kipepeo inaingia ndani ya soksi. Kwa binti, gauni moja la pamba yenye mvutiko, soksi nyeupe, basi. Kama shati halipo, mafundi wa Uhuru Market, nje kidogo ya Barabara ya Jogoo, wanashona mashati ya watoto kwa bei ambayo duka la mjini haliwezi kukupa.

Ombeni zamu ya mapema ya chakula. Meli nyingi zina zamu mbili, na ile ya pili huanza saa mbili au mbili na nusu usiku, wakati mtoto wa miaka mitano ameshalala kichwa mezani na nguo zote ulizomnunulia zina mchuzi.

Viatu vinazidi nguo kwa uzito

Jozi mbili kwa kila mtu, na moja kati ya hizo iko miguuni. Hili ndilo agizo gumu zaidi kwenye mwongozo huu, na ndilo linalookoa kilo nyingi. Kwa wanaume, viatu vya ngozi vyeusi vyenye soli laini ya mpira vinavyofaa kutembelea uwanja wa ndege na kuingilia ukumbini. Kwa wanawake, viatu vya chini au vya kisigino kinene na kifupi. Meli hutikisika hata bahari ikiwa tulivu, na mchuchumio mwembamba kwenye zulia linaloyumba ni hatari ya kifundo cha mguu. Makubazi ya ngozi ya Kariokor yenye shanga hutosha usiku wote isipokuwa wa gala, na kwa mtu aliyevaa kanzu au kitenge hutosha hata huo. Jozi ya pili ni ndala.

Sasa begi

Nguo zikiwa kitandani, zimekunjwa, ndipo unaenda kununua begi. Kwetu zilitosha begi dogo moja kwa kila mtu mzima na moja la pamoja la watoto. Mabegi manne, si saba.

Chaguo langu la kwanza ni begi laini la kitambaa la mitumba lenye magurudumu mawili, la kampuni yenye jina, kutoka Gikomba au Toi. Mengi yametengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafiri kila wiki, na yameuzwa kwa sababu mwenyewe amechoka na rangi. Vuta mpini mara kumi. Fungua na kufunga zipu zote, hasa kwenye kona. Zungusha magurudumu kwa kidole. Gurudumu likikwama sasa, litavunjika Johannesburg unapobadilisha ndege. Begi laini pia hubanwa chini ya kitanda cha melini, na vitanda vile vimeinuliwa kwa makusudi hayo.

La pili ni begi la mkononi lisilo na magurudumu, la turubai. Ni jepesi mno, na kwa anayeruka na Emirates, ambayo huruhusu kilo 7 tu za mkononi kwenye daraja la kawaida, uzito wa begi lenyewe ni jambo kubwa. Ila bibi hawezi kulibeba, na wewe utakuwa umembeba mtoto.

Yale masanduku magumu yanayong'aa, matatu kwa moja, yanayopangwa kando ya barabara mjini, nayaweka mwisho. Seti inavutia kwa bei. Nilinunua seti kwa safari ile ya kwanza. Kubwa kabisa lilipoteza gurudumu kabla hatujatoka uwanja wa ndege wa kwenda, na likiwa tupu lilikuwa limekula karibu kilo nne za ruhusa yetu.

Ndani ya begi, tumia vile vipande vya kitenge nilivyosema fundi asivitupe. Mwambie avishone vifuko vya mstatili vyenye zipu au kamba, kila mtu rangi yake. Tumezoea kufunga viatu kwenye karatasi za plastiki, lakini mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na vifuko vya kitambaa vinapumua zaidi. Watoto wetu sasa wanajua cha kwao na wanajipangia wenyewe.

Vitu vya kuacha dukani

Pasi ndogo ya safari, na ile mashine ya mvuke, usinunue. Meli hazitaki vyombo hivyo chumbani kwa hofu ya moto, na vitachukuliwa mzigo unapokaguliwa. Vivyo hivyo waya wa kuongezea soketi wenye kinga ya umeme. Unachohitaji ni adapta, maana plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi za meli nyingi, ambazo huwa za Kimarekani na za Kiulaya. Luthuli Avenue utaipata, nunua mbili. Ukiwa huko huko tafuta ndoano za sumaku: kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, na ndoano nne zitabeba koti, mitandio na nguo za kuogelea zilizolowa.

Kufua hutegemea meli. Cunard na Carnival zina vyumba vya abiria kujifulia; kampuni nyingine hukufulia kwa malipo. Mimi hubeba kipande cha sabuni ya mche, nikafua nguo za ndani na fulana za watoto usiku, na asubuhi zimekauka.

Mpangilio wa siku za ununuzi

Wiki sita kabla, kitenge na fundi. Wiki nne kabla, koti, kwa sababu mitumba haina uhakika, unaweza kwenda mara tatu. Wiki mbili kabla, kila mtu avae nguo yake ya gala nyumbani, ale chakula cha jioni nayo mezani kwenu. Usicheke, ndivyo tulivyogundua kwamba shati la kijana linambana kola na kwamba mama hawezi kuinuka kitini na ile sketi. Wiki moja kabla, begi na mizani ya kuning'iniza.

Siku ya kupanda, begi kubwa unalikabidhi bandarini na linaweza kuletwa mlangoni kwako jioni, wakati mwingine baada ya zamu ya kwanza ya chakula. Beba mkononi dawa, hati zote, nguo za kuogelea za watoto na shati moja la kola kwa kila mwanaume. Na usiku wa mwisho utaambiwa uweke mabegi nje ya mlango kabla ya kulala. Kabla hujayafunga, toa nguo ya kesho ya kila mtu pamoja na viatu uviweke kitini, hasa vya watoto. Melini tulimwona baba mmoja akiteremka ngazi za bandari asubuhi na mapema akiwa amevaa koti lake la gala na kaptula ya kulalia, mtoto mkononi, akiuliza mabegi yake yako wapi.